Ramani kuukuu ya Oyugis: Shahidi wa mlima na maji, si mwamuzi wa mipaka

MTU anayefika Ruaraka, Nairobi, zilipo ofisi za serikali za upimaji wa ardhi, akitaka ramani ya Oyugis yenye kipimo cha 1:50,000, huulizwa swali asilolitarajia: anataka laha ipi? Mji huo uko karibu kabisa na mahali ambapo latitudo ya dakika 30 kusini mwa ikweta hukutana na longitudo ya digrii 34 na dakika 45 mashariki. Wachoraji wa ramani waliikata nchi katika vipande vya dakika 15 kwa dakika 15, na mistari hiyo miwili ni mipaka ya vipande. Anayetaka kuiona Oyugis pamoja na vilima, mito na vijiji vinavyoizunguka hana budi kuunganisha laha nne mezani.

Laha ya kaskazini magharibi huonyesha Kendu Bay na ufuo wa ziwa. Ya kaskazini mashariki huonyesha nyanda za Nyakach na sehemu ya chini ya mto Miriu. Ya kusini mashariki hupanda hadi Kisii na Nyamira, na ya kusini magharibi huelekea upande wa Rangwe. Kila laha huchukua eneo la kilomita 27 na ushei kila upande. Zikiunganishwa, zinaeleza habari moja: jinsi maji yanavyoshuka kutoka nyanda za juu za Kisii, yakipita Oyugis, hadi Ziwa Victoria.

Habari hiyo si ya wanajiografia pekee. Katika nchi ambayo mabwawa hupangwa, mito hukauka na ndugu hugombania mipaka, ramani kuukuu hutolewa sandukuni kama hati ya kesi. Wapo wanaoipuuza kwa kuwa ni ya zamani, na wapo wanaoiamini kupita kiasi kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili hukosea. Ramani ya aina hii hujibu maswali fulani kwa uaminifu mkubwa, na mengine haikuchorwa kuyajibu. Makala hii inaeleza yapi ni yapi.

Zilivyochorwa

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipomalizika, sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza barani Afrika haikuwa na ramani za kina. Mwaka wa 1946 serikali ya Uingereza iliunda idara maalumu ya upimaji wa makoloni, ikiongozwa na Martin Hotine, mwanajeshi na mtaalamu wa kupima ardhi kwa kutumia picha za angani. Mwaka wa 1957 jina la idara hiyo lilibadilishwa, neno makoloni likaondolewa na badala yake likatumiwa neno linalomaanisha ng'ambo. Ilidumu hadi mwaka wa 1984, ilipounganishwa na shirika la upimaji la Uingereza. Wasomaji wa ramani za Kenya huitambua kwa herufi DOS zilizochapishwa pembeni mwa laha.

Kazi ilianza angani. Kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza kilitumia ndege za Lancaster, zilizokuwa za kivita, kupiga picha maeneo makubwa ya Afrika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndege iliruka kwa mistari iliyonyooka, na kila picha ilifunika sehemu ya picha iliyotangulia. Picha mbili za mahali pamoja zilipotazamwa kwa mtambo maalumu, kila jicho likiona yake, vilima viliinuka na mabonde yakazama mbele ya mchoraji. Ndipo alipoweza kufuata urefu mmoja wa ardhi na kuuchora.

Picha peke yake hazikutosha. Wapima ardhi walipanda vilima wakajenga alama za zege, wakapima pembe kutoka kilima kimoja hadi kingine, na kwa hesabu za pembetatu wakajua mahali na kimo cha kila alama. Kwenye ramani, alama hizo huonekana kama pembetatu ndogo yenye namba ya kimo kando yake. Sheria ya Upimaji ya Kenya inakataza kuziharibu, kwa sababu kila ramani ya eneo hilo huzitegemea.

Hapa ndipo lilipo somo la kwanza kwa mwenye ramani kuukuu. Mwaka ulioandikwa chini ya laha huenda ukawa mwaka wa kuchapishwa, ilhali picha zilipigwa miaka kadhaa kabla yake. Nyumba, barabara na msitu unaouona ni wa siku ya picha. Pembeni mwa laha huwa pana maelezo ya miaka hiyo. Yasome kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Kuusoma mlima

Kwenye kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Rangi zina lugha yake: buluu ni maji, kijani ni mimea, nyekundu ni barabara kuu, nyeusi ni majengo na majina, na kahawia ni umbo la ardhi. Mistari ya kahawia huitwa kontua. Kila kontua huunganisha mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Anayetembea juu ya kontua hapandi wala hashuki.

Laha nyingi za zamani hupima vimo kwa futi, na kontua huachana kwa futi 50, yaani takriban mita 15. Ufuo wa Ziwa Victoria uko karibu futi 3,720, sawa na mita 1,134. Ukianzia Kendu Bay ukihesabu mistari kuelekea kusini mashariki, utaona unapanda mamia ya futi kabla ya kufika Oyugis, na mamia mengine kabla ya kufika Kisii. Kilima cha Wire, kilicho karibu na mji, hujitambulisha kwa mistari inayozungukana kama pete, moja ndani ya nyingine.

Mistari inapobanana, mteremko ni mkali. Inapoachana, ardhi ni tambarare. Inapovuka mto hujikunja kama herufi V, na ncha ya V huelekea mto unakotoka. Kanuni hii moja humwezesha msomaji kujua maji yanaelekea wapi hata pale ambapo mchoraji hakuchora mto wowote. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na kontua ndizo zinazouonyesha mkondo huo kabla mvua haijanyesha.

Majina nayo ni hazina. Neno "Got" mbele ya jina humaanisha kilima kwa Kijaluo. Jina "Awach" hurudiwa katika mito ya eneo hilo, ikiwemo Awach Kibuon na Awach Tende inayoishia katika ghuba. Ghuba yenyewe huitwa Kavirondo kwenye ramani za zamani. Leo ni Ghuba ya Winam. Hata mipaka ya utawala imebadilika mara nyingi. Kilichoandikwa Nyanza Kusini kwenye laha kuukuu sasa kimegawanyika kuwa kaunti za Homa Bay na Migori.

Maji yasiyotulia

Umbo la mlima hubadilika polepole mno, lakini maji hubadilika haraka. Mfano mkubwa ni ziwa lenyewe. Kati ya mwisho wa mwaka wa 1961 na mwaka wa 1964, baada ya mvua kubwa, Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Laha iliyochorwa kutokana na picha za miaka ya 1950 huonyesha ufuo wa kabla ya mafuriko hayo. Mtu wa Kendu Bay au Nyakach anayeitumia kuonyesha shamba la babu yake lilipoishia huenda akasema kweli kuhusu siku ile, na bado shamba hilo likawa chini ya maji. Mei 2020 ziwa lilipanda tena hadi kiwango kilichopita kidogo kile cha mwaka wa 1964, na familia nyingi za ufuoni zikahama.

Kinyume chake pia hutokea. Mistari myembamba ya buluu iliyokatika-katika humaanisha kijito cha msimu, na mstari usiokatika humaanisha mto wa mwaka mzima. Mwenyeji anayelinganisha laha ya zamani na hali ya leo anaweza kutambua kijito kilichokuwa kikitiririka mwaka mzima ambacho sasa hubaki mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Akitazama rangi ya kijani penye chanzo chake, pengine ataona pia ulipokuwa msitu. Kwa wanaotaka kupanda miti upya na kulinda chemchemi, huo ni ushahidi unaowaambia pa kuanzia.

Karibu na Kendu Bay kuna Ziwa Simbi, maji yaliyojaa shimo la volkeno. Simulizi za wenyeji husema kijiji kizima kilizama hapo baada ya kumnyima bikizee makao. Shimo la namna hiyo huchorwa kwa kontua zenye vijino vinavyoelekea ndani, ili msomaji asidhani ni kilima. Ni alama ndogo, lakini anayeikosa huona mlima mahali palipo shimo.

Bwawa ndani ya kontua

Faida kubwa ya kontua, na pia jambo linalowagusa watu zaidi, ni kwamba ufuo wa bwawa huifuata kontua. Mhandisi huchagua mahali bonde linapobanwa na vilima viwili, huchora ukuta, kisha hufuata kontua yenye kimo cha maji yaliyokusudiwa kutoka ncha moja ya ukuta, akizunguka bonde lote, hadi ncha ya pili. Kila kilicho ndani ya mzunguko huo kitazama. Hakuna siri katika kazi hiyo. Mwanafunzi wa sekondari mwenye penseli anaweza kuifanya.

Kujua wingi wa maji nako si kugumu. Kila mraba wa kilomita 1 kwenye ramani ni hekta 100. Tuseme kontua ya chini imezunguka hekta 40 na ile ya juu yake, kwa tofauti ya futi 50, imezunguka hekta 80. Wastani ni hekta 60. Zidisha kwa mita 15, utapata takriban mita milioni 9 za ujazo. Hivyo ndivyo makadirio ya kwanza ya mabwawa mengi yalivyofanywa, kabla mtu yeyote hajapeleka vyombo bondeni.

Bwawa la Sasumua, lililoko Kinangop kwenye miteremko ya milima ya Aberdare, ni mfano unaojulikana. Lilijengwa katika miaka ya 1950 kuipa Nairobi maji, na ukuta wake ukainuliwa mwaka wa 1968. Linaweza kuhifadhi takriban mita milioni 16 za ujazo. Laha iliyotokana na picha za kabla ya kuinuliwa kwa ukuta huonyesha ziwa dogo kuliko la leo, na kontua zilizolizunguka wakati huo sasa ziko ndani ya maji. Mwaka wa 2003 mvua kubwa iliharibu njia ya kupitishia maji ya ziada katika bwawa hilo, na jiji likapata uhaba. Anayetazama laha ya zamani huona vijito vinavyolilisha na mteremko unaovisukuma, na huelewa kwa nini njia hiyo ina umuhimu mkubwa.

Katika eneo letu, maji yametumiwa kwa namna mbili. Kule Migori, kwenye maporomoko ya Gogo ya mto Kuja, mtambo mdogo wa megawati 2 ulijengwa miaka ya 1950, enzi za machimbo ya shaba ya Macalder. Kwenye mto Miriu, mtambo wa Sondu Miriu wa megawati 60, uliokuwa tayari mwaka wa 2008, hauna bwawa kubwa. Maji huelekezwa kwenye handaki lenye urefu wa zaidi ya kilomita 6, kisha huangushwa takriban mita 200 kwenye ngema ya Nyakach. Mstari wa ngema hiyo huonekana waziwazi kwenye laha ya kaskazini mashariki: kontua zimebanana hadi rangi ya kahawia inakaribia kuwa ukuta.

Juu zaidi ya mto huo huo, katika eneo la Magwagwa mpakani mwa Nyamira na Kericho, kumekuwa na mipango ya bwawa la kuhifadhi maji kwa miongo kadhaa. Bwawa la namna hiyo hutofautiana na handaki, kwa sababu huchukua bonde zima pamoja na mashamba, nyumba na makaburi. Mkazi wa bonde lolote linalotajwa katika mipango kama hiyo ana haki ya kuuliza swali moja rahisi: kimo cha maji kitakuwa mita ngapi kutoka usawa wa bahari? Akipewa namba hiyo na akiwa na laha mkononi, anaweza kujua kwa makadirio kama yumo au hayumo.

Na si walio juu ya ukuta pekee wanaohusika. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa lililoko kilimani huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa wakiishi chini yake. Kontua huonyesha kitakachofunikwa maji yanapotulia. Huonyesha pia njia ambayo maji yangefuata yakitoroka. Kijiji kinachoishi chini ya bwawa kinapaswa kuifahamu njia hiyo.

Kosa la mita chache

Hata hivyo, neno "makadirio" lisisahauliwe. Kontua ya ramani ya zamani inaweza kukosea kwa nusu ya nafasi kati ya mistari, yaani futi 25 au karibu mita 7.5. Juu ya ngema, kosa hilo ni hatua chache tu. Lakini penye mteremko mpole, ambapo ardhi hupanda mita 1 kwa kila mita 20, ni mita 150 za shamba. Huo ni umbali wa kutosha kuingiza au kuacha boma zima.

Kwa sababu hiyo, mtu asikubali kuhamishwa wala kutulizwa kwa ramani ya 1:50,000 peke yake. Imsaidie kujua la kuuliza, kisha adai upimaji wa ardhini na vigingi vinavyoonekana kwenye kimo cha maji. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inataka anayenyang'anywa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa. Inaruhusu pia fidia kwa mkaaji wa nia njema hata kama hana hati. Fidia ya haki huanzia kwenye kipimo cha haki.

Kosa jingine huletwa na simu za mkononi. Ramani za zamani za Kenya hutumia mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali simu hutumia mfumo wa kimataifa wa setilaiti uitwao WGS 84. Mahali pamoja hupata namba tofauti katika mifumo hiyo, na tofauti hiyo hapa kwetu ni takriban mita 300, hasa upande wa kaskazini na kusini. Anayesoma namba kwenye simu kisha akaweka alama kwenye laha bila kubadilisha mfumo anaweza kujikuta ameiweka nyumba yake ng'ambo ya mto. Mradi wa kisima au daraja ukifuata alama hiyo, kosa litajengwa kwa saruji.

Isipopaswa kutumiwa

Pahali ambapo ramani hizi hutumiwa vibaya zaidi ni katika migogoro ya mashamba. Ramani ya topografia haionyeshi mashamba ya watu binafsi. Unene wa mstari mmoja, nusu milimita kwenye karatasi, ni mita 25 za ardhi, na hakuna ndugu wawili wanaoweza kupatanishwa na mstari mpana hivyo.

Mipaka ya mashamba ina ramani zake, zilizotayarishwa wakati wa kutambua wamiliki chini ya Sheria ya Kuamua Haki za Ardhi ya mwaka wa 1968, nazo huhifadhiwa na msajili wa ardhi. Hata hizo, kwa mashamba mengi ya vijijini, huonyesha mipaka kwa jumla tu, na alama za ardhini kama ua wa miti huwa na uzito. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 inaeleza kwamba mgogoro wa mpaka wa namna hiyo hauwezi kusikizwa na mahakama kabla msajili hajaamua mpaka. Anayekwenda kortini moja kwa moja akiwa na laha kuukuu ya babu hupoteza muda na fedha. Aende kwanza kwa msajili.

Pamoja na hayo, laha hiyo haikosi kazi. Inaweza kuonyesha njia ya zamani ilikopita, mto ulikuwa upande gani wa kilima, na kama mahali palikuwa na makazi wakati wa picha. Mashamba yalipogawanywa kwa kufuata mto, na mto ukahama, ushahidi wa mkondo wa zamani ni msaada kwa msajili.

Kuitunza na kuitumia

Anayemiliki laha ya zamani asiikunje upya kwenye mikunjo ile ile, asiibandike kwa utepe wa gundi, wala kuiweka penye jua. Aitandaze bapa kwenye kasha kavu na atengeneze nakala ya kutumia shambani. Anayezitafuta aanzie Ruaraka. Nje ya nchi, Maktaba ya Bodleian ya Chuo Kikuu cha Oxford ina mkusanyiko mkubwa wa ramani za Afrika.

Shule za Oyugis na vitongoji vyake zingefaidika zaidi. Wanafunzi hufundishwa kontua kwa mifano ya mahali wasipopajua, ilhali Wire, Simbi na ngema ya Nyakach viko karibu nao. Mwanafunzi anayeweza kusimama juu ya kilima, akaitandaza laha na kuelekeza kidole mahali maji yatakapopita, ataweza siku moja kusimama mbele ya baraza akamuuliza mhandisi kimo cha bwawa, na asiridhike na jibu lisilo na namba.